Kutoka kasiksi hadi maziwa: namna hamira inavyotengeneza sukari zenye faida

Katika vijiji vingi vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, mtu anayetengeneza kasiksi anaijua kazi yake bila kusoma kemia. Ndizi zinafunikwa siku kadhaa mpaka ziive, zinamenywa, zinakandwa pamoja na majani makavu, kisha maji yake matamu yanachujwa. Unga wa mtama unaongezwa, chombo kinafunikwa, na kesho yake povu linapanda. Watu husema pombe "inachemka", ingawa chini yake hakuna moto.

Kinachofanya kazi mle ndani ni hamira, ile ambayo masokoni wengi huiita levire: viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kabla ya kutoa pombe, hamira inafanya kazi nyingine ambayo watu wachache huifikiria. Inakata sukari. Inachukua sukari ya namna moja na kuigawanya kuwa sukari za namna nyingine.

Kazi hiyo ya kukata, ikitenganishwa na pombe, leo inatumiwa viwandani katika nchi nyingi. Inatengeneza sukari ya maji isiyoganda, maziwa yasiyosumbua tumbo, na hata sukari za kulisha vijidudu vizuri vya utumbo. Kwa mashariki mwa Kongo, ambako watu wanakunywa maziwa, wanakula jibini ya Masisi na kununua sukari kwa bei kubwa, habari hii haihusu maabara za mbali peke yake.

Mikasi iliyo ndani ya hamira

Sukari nyeupe ya dukani, inayotoka katika miwa, ina sehemu mbili zilizoshikana: glukozi na fruktozi. Wanasayansi huiita sukrozi. Hamira inapoikuta, inatumia kitu kinachoitwa invertazi ili kuvunja kiungo kilicho kati ya sehemu hizo mbili. Baada ya hapo glukozi na fruktozi zinaingia ndani ya hamira kuwa chakula. Sehemu kubwa ya invertazi hukaa pembezoni, karibu na ukuta wa nje wa seli, kama mashine ya kusagia iliyowekwa mlangoni mwa nyumba.

Invertazi ni enzimu, ambayo vitabu vya shule vya Kiswahili huiita kimeng'enya. Enzimu ni protini yenye kazi moja maalumu. Inafanana na mikasi: inakata, na baada ya kukata inabaki ilivyokuwa, tayari kukata tena. Ndiyo sababu kiasi kidogo tu kinaweza kugeuza sukari nyingi. Lakini kila mkasi una kitambaa chake. Enzimu inayokata sukari ya miwa haikati sukari ya maziwa, na ile ya maziwa haigusi ya miwa.

Ujuzi huu umetoka mbali. Mwaka 1860, Mfaransa Marcellin Berthelot alifaulu kutenga invertazi kutoka katika hamira. Baadaye kidogo, Mjerumani Wilhelm Kühne alipendekeza jina "enzimu", kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya hamira". Mwaka 1897 Eduard Buchner, naye Mjerumani, aliponda hamira, akachukua maji yake yasiyo na seli hai, na akaona kwamba maji hayo bado yanageuza sukari kuwa pombe. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1907.

Mwaka 1913, tena kwa kutumia invertazi, Leonor Michaelis na mganga mwanamke kutoka Canada, Maud Menten, walitoa hesabu inayoonyesha kasi ya enzimu inapofanya kazi. Hesabu hiyo bado inafundishwa katika vyuo vikuu duniani kote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya elimu ya enzimu ilianzia katika kitu kilekile kinachofanya kasiksi itoe povu.

Sukari ya maji isiyoganda

Sukari iliyokatwa na invertazi inaitwa sukari iliyogeuzwa. Jina hilo lilitokana na mwanga. Mwanga wa namna fulani ukipita katika maji ya sukari ya kawaida, unapinda upande wa kuume. Sukari ikishakatwa, mwanga unapinda upande wa kushoto. Wataalamu wa zamani walitumia mgeuko huo kujua kazi imefika wapi.

Kwa mpishi, faida ni nyingine. Sukari ya kawaida ikiyeyushwa kwa wingi huganda tena na kuwa punje. Mchanganyiko wa glukozi na fruktozi hauna haraka ya kuganda, na unashika unyevu. Keki inabaki laini siku nyingi zaidi, pipi haiwi na mchanga mdomoni, na aiskrimu haiwi na barafu ngumu. Tena fruktozi ni tamu kuliko sukari ya kawaida, kwa hiyo mchanganyiko huo unaonekana mtamu zaidi kidogo.

Kuna hata ujanja unaofanywa katika chokoleti. Watengenezaji huweka ndani yake kipande kigumu cha sukari chenye invertazi kidogo, kisha hukifunika kwa chokoleti. Baada ya siku au majuma, enzimu inakata sukari ile kimyakimya, na katikati ya chokoleti kunakuwa na uji mtamu. Mlaji hujiuliza uji uliingia kupitia wapi.

Njia ya kutengeneza sukari hiyo kwa wingi haina fumbo. Sukari inayeyushwa katika maji, inatiwa uchachu kidogo, inapashwa joto la digrii 50 hadi 60, kisha enzimu inawekwa na kuachwa saa kadhaa. Mwishoni moto unaongezwa ili enzimu isimame. Mtu anaweza pia kutumia asidi na moto mkali bila hamira, kama wanavyofanya wapishi wanaotia ndimu katika sukari inayochemka. Lakini asidi na moto huleta rangi nyeusi na vitu vingine visivyotakiwa, ilhali enzimu inakata mahali pake tu.

Nyuki walianza kazi hii kabla ya binadamu. Maji matamu ya maua yana sukrozi nyingi, na nyuki huichanganya na invertazi ya mwili wake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya asali ni fruktozi na glukozi. Hapo pia ndipo udanganyifu unapopita: kwa kuwa sukari iliyogeuzwa inafanana sana na asali, wafanyabiashara wabaya duniani huichanganya na asali halisi na kuuza mchanganyiko kwa bei ya asali. Anayeumia ni mfugaji wa nyuki mwenye bidhaa safi.

Kwa Kivu, kuna swali jingine: sukari ya kuanzia itatoka wapi? Kiwanda cha sukari cha Kiliba, katika bonde la Ruzizi, kilisimama wakati wa vita vya miaka ya 1990, na sukari nyingi inayouzwa Uvira, Bukavu na Goma inavuka mipaka. Kukata sukari iliyonunuliwa kwa bei ghali si jambo la haraka. Lakini kuna sukari nyingine ambayo tayari iko hapa, na mara nyingi inamwagwa.

Maziwa yanapokataa tumbo

Sukari hiyo ni laktozi, sukari ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe yana laktozi karibu asilimia 4.5 hadi 5, na maziwa ya mama yana karibu asilimia 7. Laktozi nayo ina sehemu mbili: glukozi na galaktozi. Ili mwili uitumie, lazima ikatwe kwanza. Mtoto mchanga anazaliwa na enzimu ya kazi hiyo katika utumbo wake, laktazi.

Shida inakuja baadaye. Kwa watu wengi, laktazi hupungua baada ya utoto. Duniani, karibu watu wakubwa wawili kati ya watatu wana laktazi kidogo. Wale wanaobaki nayo wanapatikana zaidi katika Ulaya ya kaskazini na katika jamii kadhaa zenye historia ndefu ya ufugaji, zikiwemo za Afrika ya mashariki. Huo si ugonjwa. Ni tofauti ya miili tu, inayorithiwa ndani ya familia.

Laktozi isipokatwa, inateremka mpaka utumbo mkubwa, ambako vijidudu huila na kutoa hewa. Tumbo linajaa, linanguruma, linauma, na wengine wanahara. Mara nyingi dalili zinaanza kati ya nusu saa na saa chache baada ya kunywa. Mtu anaweza kudhani kwamba maziwa yalikuwa yameharibika, au kwamba muuzaji aliongeza maji machafu, wakati maziwa yalikuwa mazuri. Wengine wanaacha maziwa kabisa, na watoto wao wanaiga, hata wale ambao hawana shida.

Kuacha kabisa si lazima. Watu wengi wenye laktazi kidogo wanaweza kunywa kikombe kimoja bila taabu, hasa pamoja na chakula. Maziwa ya kuganda yanavumilika zaidi, kwa sababu vijidudu vinavyoyagandisha vimekwisha kula sehemu ya laktozi. Jibini iliyokomaa inabaki na laktozi kidogo sana. Wafugaji wa zamani walilijua hilo kwa mazoea, kabla ya maabara kueleza sababu.

Viwanda vilichukua njia ya hamira. Kuna hamira ya jamii nyingine, Kluyveromyces lactis, inayoishi vizuri katika maziwa kwa sababu ina laktazi yake. Enzimu inatolewa, inasafishwa na kutiwa katika maziwa. Mwaka 1977, katika jiji la Milan nchini Italia, kiwanda cha maziwa kilianza kupitisha maziwa katika nyuzi zilizofungiwa laktazi ya hamira, ili enzimu ileile itumike mara nyingi. Leo viwanda vingi vinaweka tone dogo la enzimu katika maziwa baridi na kuyaacha usiku mzima au zaidi. Maziwa yanayotoka ni matamu zaidi ingawa hayakuongezwa sukari, kwa kuwa glukozi na galaktozi zina utamu kuliko laktozi.

Hapa kuna onyo muhimu. Hamira ya mkate haifanyi kazi hiyo. Jina lake la sayansi ni Saccharomyces cerevisiae, na haina laktazi. Mtu akiiweka katika maziwa akitumaini kwamba tumbo litapona, atapata maziwa yenye harufu ya mkate tu, na laktozi itabaki yote.

Maji yanayobaki baada ya jibini

Jibini ya Masisi, ambayo wengi huiita fromaji, inajulikana mpaka Goma, Bukavu na hata Kinshasa. Ili kupata kilo moja ya jibini, mtengenezaji anahitaji karibu litre 10 za maziwa. Maziwa yakikatika, sehemu nzito inakusanywa na kukandamizwa, na karibu litre 9 za maji ya rangi ya kijani hafifu zinabaki. Karibu laktozi yote ya maziwa inakwenda na maji hayo.

Hesabu ni rahisi. Mtu anayegeuza litre 100 za maziwa kwa siku anapata karibu kilo 10 za jibini na karibu litre 90 za maji. Ndani ya maji hayo mna kilo 4 hivi za laktozi, pamoja na protini nzuri. Yakipewa nguruwe, yamepata faida. Yakimwagwa katika kijito, yanakuwa uchafu: vijidudu vya majini vinaila sukari hiyo kwa pupa na kumaliza hewa ambayo samaki wanaihitaji.

Katika nchi zenye viwanda vikubwa vya maziwa, maji hayo yamekuwa mali. Laktazi inakata laktozi yake, maji yanapunguzwa kwa moto, na inapatikana sukari ya maji inayotumiwa katika aiskrimu, pipi na mikate. Laktozi yenyewe ina utamu mdogo sana, lakini ikikatwa inakaribia utamu wa sukari ya kawaida. Nchini Ireland na New Zealand, hamira za jamii ya Kluyveromyces zinatumiwa kugeuza maji hayo kuwa pombe safi ya viwandani.

Je, Masisi inaweza kufanya hivyo? Vikwazo vinaonekana wazi. Maji ya jibini yanachacha baada ya saa chache, na bila umeme hakuna baridi ya kuyahifadhi. Laktazi haitengenezwi katika eneo hili. Lazima inunuliwe ng'ambo na kusafirishwa katika baridi. Kupunguza maji kwa moto kunakula kuni nyingi, na misitu tayari imechoka. Juu ya yote hayo, vita vya miaka mingi vimepunguza mifugo, vimehamisha wafugaji na kufunga barabara. Kiwanda hakijengwi mahali ambapo bidoni ya maziwa haina uhakika wa kufika sokoni.

Lakini kuna hatua ndogo zisizohitaji enzimu ya kununua. Maji yaliyo safi na mapya yanaweza kukandia unga wa mkate badala ya maji ya kawaida, na mkate unapata rangi na ladha. Yakichemshwa tena na kutiwa ndimu kidogo, protini iliyobaki inaelea na kukusanywa kuwa jibini laini. Hatua hizo hazigeuzi sukari, ila zinapunguza kinachomwagwa. Enzimu inaweza kuja baadaye, endapo watengenezaji wadogo watakusanyika mahali pamoja penye umeme.

Sukari ambazo mwili hauli

Mikasi ya hamira ina tabia nyingine ya kushangaza. Sukari ikiwa nyingi sana katika maji, enzimu badala ya kukata tu inaanza pia kushona: inachukua kipande kilichokatwa na kukiunganisha na sukari nyingine. Laktazi inaunga galaktozi kwa galaktozi. Invertazi inaunga fruktozi kwa sukrozi. Zinapatikana nyuzi fupi za sukari ambazo utumbo wa binadamu hauwezi kuzikata. Kwa utengenezaji mkubwa wa nyuzi hizo, viwanda vinatumia pia enzimu za ukungu na za bakteria.

Faida ya sukari isiyoliwa ni nini? Nyuzi hizo zinafika utumbo mkubwa zikiwa nzima, na huko zinakuwa chakula cha vijidudu vizuri, hasa vile vinavyoitwa bifidobakteria. Vijidudu hivyo vikishiba, vinawanyima nafasi vijidudu vingine vyenye madhara, na choo kinakuwa laini.

Maziwa ya mama yalikuwa na siri hiyo tangu zamani. Yana sukari za namna nyingi ambazo mtoto mwenyewe hazitumii. Zinalisha vijidudu vya tumbo lake na kumkinga. Viwanda vya maziwa ya unga vinajaribu kuiga kwa kuongeza nyuzi za galaktozi zilizotengenezwa na enzimu. Kuiga si kulingana. Shirika la afya duniani, OMS, linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, na hakuna unga wa dukani unaofuta shauri hilo.

Mambo ya kuangalia

Neno "enzimu" kwenye chupa halimaanishi kwamba chakula ni dawa. Maziwa yaliyokatwa laktozi bado yana sukari, na mgonjwa wa kisukari lazima ayahesabu. Vilevile, mtu mwenye mzio wa protini ya maziwa hatasaidiwa na laktazi, kwa sababu shida yake haitoki kwenye sukari. Mtoto anayehara mara kwa mara anapaswa kupelekwa kwa waganga, kwani kuhara kunaweza kutoka kwa maji machafu, minyoo au maambukizi, na maziwa yakawa hayana kosa.

Kwa shule za Kivu, kuna jaribio dogo linaloonyesha mambo haya kwa gharama ndogo. Kinachohitajika ni vile vijikaratasi vya kupimia glukozi katika mkojo vinavyotumiwa katika vituo vya afya. Mwanafunzi anayeyusha sukari ya kawaida katika maji ya uvuguvugu na kupima: kijikaratasi hakibadili rangi, kwa maana hakuna glukozi iliyo huru. Anaongeza hamira kidogo ya mkate, anasubiri dakika 20 au 30, anapima tena. Rangi inageuka. Invertazi imekata.

Kisha anarudia jaribio kwa maziwa mabichi ya ng'ombe na hamira ileile. Anasubiri muda uleule, anapima, na rangi haigeuki. Mkasi si wake.

Hapo mwanafunzi ameona kwa macho yake kwa nini kasiksi ya nyumbani kwao inachemka, na kwa nini maziwa yanahitaji hamira ya jamii nyingine. Na maji ya jibini yanayomwagwa kando ya ziwa na vijito, ataanza kuyatazama kwa jicho jingine.